Walezi wa watoto Bagamoyo na kodi ya pesa iliyoishia kwenye petroli

*Wanawake wanaolea watoto majumbani kati ya Bunju na Bagamoyo wameanza kununua magari ya kuwafuata watoto hao. Nauli wanayopokea inahesabiwa kuwa mauzo, lakini mafuta wanayonunua hayahesabiwi popote. Sheria ina njia ya kutokea, ila wachache sana wameambiwa.*

Kabla ya saa 1 asubuhi, barabara ya Bagamoyo kuanzia Bunju, Mapinga na Kerege hadi Magomeni mjini hujaa watoto ambao umri wa darasa la kwanza haujawafikia. Wengine wamebebwa mgongoni, wengine wamepakatwa kwenye bajaji. Wapo waliopakiwa mshikaki juu ya bodaboda, watatu nyuma na mmoja mbele ya dereva juu ya tangi la mafuta, na kofia ngumu anayo dereva peke yake.

Mzazi hana namna. Mama anayekwenda kununua samaki wa kukaanga pale sokoni, jirani na jengo la forodha lililojengwa na Wajerumani mwaka 1895, asipowahi atakuta samaki wazuri wameshachukuliwa. Baba anayefanya kazi Posta au Kariakoo ameshadandia daladala alfajiri. Mtoto wa miaka miwili na nusu lazima abaki na mtu.

Mtu huyo mara nyingi ni mwanamke wa mtaa huohuo, ambaye watoto humwita anti, bibi au mwalimu. Ametenga vyumba viwili vya nyumba yake au amepanga nyumba ya jirani, amenunua magodoro madogo na sufuria ya uji, na analea watoto 15 au 20 mpaka jioni. Katika miaka ya karibuni ameongeza kitu kingine: gari. Si basi la njano lenye jina la shule ubavuni. Ni Noah iliyotumika au gari dogo lililonunuliwa kwa mkopo wa vikoba.

Gari hilo limewapa wazazi nafuu kubwa. Kwa mlezi, limeleta hesabu mpya.

Nauli ni mauzo, mafuta si kitu

Lifungue daftari la mlezi wa namna hii, lile la kaunta lenye jalada gumu lililokwisha kulainika pembeni. Kila mtoto ana mstari wake. Safu ya kwanza ni ada ya malezi, ya pili ni nauli. Mzazi asiye na haja ya gari anaandikiwa kistari kwenye safu ya pili. Chini kabisa ya ukurasa ipo jumla moja, na jumla hiyo ndiyo anayoipeleka kwa ofisa wa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) anapokwenda kukadiriwa.

Kosa limeanzia hapo, kabla hata ofisa hajafungua kinywa. Ile safu ya pili si pesa ya mlezi. Sehemu kubwa imepita mikononi mwake kuelekea kituo cha mafuta, kwa fundi wa breki na kwa muuza matairi. Lakini katika mfumo anaolipia kodi, ikishaingia imeingia.

Mfumo wenyewe ni kodi ya makadirio. Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura 332, iliyotungwa mwaka 2004, inamruhusu mfanyabiashara mdogo, mkazi wa Tanzania, ambaye mauzo yake hayazidi Sh100 milioni kwa mwaka, kulipa kodi kwa kuangalia mauzo ghafi badala ya faida. Nia ilikuwa njema: mama lishe na muuza mkaa wasilazimike kutafuta mhasibu.

Kwa viwango vilivyowekwa na Sheria ya Fedha ya mwaka 2022, mwenye mauzo yasiyozidi Sh4 milioni kwa mwaka halipi kitu. Kati ya milioni 4 na milioni 7, asiyetunza kumbukumbu analipa Sh100,000, na anayetunza analipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4. Kati ya milioni 7 na 11, asiye na kumbukumbu analipa Sh250,000. Mwenye nazo analipa Sh90,000 pamoja na asilimia 3 ya kinachozidi milioni 7.

Ukivuka milioni 11 hadi kufika milioni 100, unalipa asilimia 3.5 ya mauzo yote.

Neno “yote” ndilo lenye uzito. Mwenye kumbukumbu aliyefunga mwaka na milioni 11 kamili anadaiwa Sh210,000. Akiongeza laki moja tu juu yake, anadaiwa Sh388,500. Laki moja imezaa kodi ya Sh178,500.

> Laki moja ya nauli juu ya mauzo ya milioni 11 inaweza kuzaa kodi inayozidi laki hiyo yenyewe.

Tupige hesabu

Tuchukue mfano wa mlezi wa Kerege mwenye watoto 20. Ada ni Sh40,000 kwa mwezi. Kwa mwaka anapata Sh9.6 milioni, na kwa kuwa daftari lake liko sawa, kodi yake ni Sh168,000.

Sasa ananunua gari. Wazazi 10 wanakubali kulipa Sh25,000 kwa mwezi ili watoto wafuatwe nyumbani na kurudishwa. Nauli ya mwaka ni Sh3 milioni. Mauzo yake yanafika Sh12.6 milioni na amevuka mstari. Kodi inakuwa Sh441,000.

Gari limempandishia kodi kwa Sh273,000. Je, limemwachia nini? Tuseme mafuta, matengenezo na bima vinavyohusu safari za watoto vimekula Sh2.4 milioni kwa mwaka, yaani Sh200,000 kwa mwezi, kiasi ambacho mtu yeyote anayeendesha kila siku kati ya Mapinga na Kiromo hatakiona kikubwa. Katika ile nauli ya milioni 3 amebakiwa na Sh600,000. Ukitoa kodi iliyoongezeka, amebaki na Sh327,000 kwa mwaka mzima wa kuamka usiku wa manane na kuzunguka mitaani na watoto wa watu. Hapo bei ya gari lenyewe hatujaigusa.

Kuna gharama nyingine inayofuatana na mstari huohuo. Mwenye mauzo ya Sh11 milioni kwenda juu anatakiwa kuwa na mashine ya kielektroniki ya risiti (EFD) na kutoa risiti kwa kila malipo. Kwa hiyo mama aliyekuwa anaandika kwa kalamu ya wino anatakiwa kununua mashine, kununua karatasi zake na kuitunza katika nyumba ambamo watoto wa miaka mitatu hawaachi kitu mezani.

Petroli imeshalipiwa kodi

Wapo watakaosema kila mwenye gari ana gharama, kwa nini mlezi alilie ya kwake. Jibu moja liko kwenye pampu.

Mwaka 2017 Serikali ilifuta ada ya mwaka ya leseni ya gari, ile tuliyozoea kubandika stika yake kwenye kioo, na badala yake ikaongeza ushuru kwenye mafuta. Julai 2023 iliongezwa Sh100 nyingine kwa kila lita. Humo pia imo tozo ya barabara iliyokuwapo tangu zamani. Bei kikomo zinazotangazwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) kila Jumatano ya kwanza ya mwezi zimebeba vyote hivyo. Anayenunua lita 3 Mapinga ameshachangia Hazina kabla hajawasha gari.

Sasa anachukua nauli ambayo ndani yake mna hiyo kodi ya mafuta, anaiandika kuwa mauzo, na inatozwa tena. Mimi naliona hili kuwa ni tatizo la haki, wala si suala la mlezi kutafuta ujanja. Kodi ya mapato iitwe hivyo kwa sababu mtu amepata. Sh200,000 iliyokwenda kwenye tangi hakuipata. Aliipokea na kuipitisha.

Upande wa mkusanya kodi

Upande wa pili nao una hoja, na ni nzito.

Kwanza, kodi ya makadirio ni nyepesi kusimamia. Ofisa mmoja wilayani anahudumia maduka, saluni, mashine za kusaga, wavuvi na wauza mbao. Akianza kukagua risiti za petroli za kila mmoja wao, gharama ya kukagua itazidi kodi anayoikusanya. Kiwango cha asilimia 3 au 3.5 kimewekwa chini kwa kuelewa kwamba mfanyabiashara ana matumizi ambayo hayatakatwa.

Pili, kati ya matumizi yote ya biashara, gari ndilo gumu kuliko yote kuliamini. Gari linalopeleka watoto asubuhi ndilo linalokwenda msibani Chalinze Jumamosi na harusini Tegeta Jumapili. Sheria inakubali kukata matumizi yaliyofanyika kwa ajili ya kuzalisha mapato ya biashara tu, bila kuchanganya na ya nyumbani. Nani atajua lita ipi ilikwenda wapi?

Uingereza, ambako kulea watoto nyumbani kwako ni kazi rasmi inayosajiliwa, walikata shauri kwa kuweka kiwango. Tangu Aprili 2011 mtu aliyejiajiri amekuwa akiruhusiwa kukata peni 45 kwa kila maili ya kazi hadi maili 10,000, na peni 25 kwa kila maili inayozidi hapo. Hahitaji kukusanya risiti za mafuta. Anahitaji daftari la safari. Sheria yetu haina kiwango cha namna hiyo. Jirani zetu Kenya nao wanatoza kodi ya mauzo bila kukata gharama: tangu Julai 2023 ni asilimia 3 kwa biashara yenye mauzo kati ya Sh1 milioni na Sh25 milioni za Kenya. Lakini asiyeitaka anaruhusiwa kumwandikia kamishna na kutoka.

Sasa, hata hapa kwetu kutoka kunawezekana.

Mlango usiotangazwa

Jedwali la Kwanza la Sheria ya Kodi ya Mapato linaposema nani anahusika na makadirio, linaweka masharti. La kwanza ni kwamba mapato yake yote yawe ya biashara iliyoko nchini. La pili ni ukomo wa mauzo. La tatu ni kwamba awe hakuchagua kutotumia utaratibu huo.

Maana yake ni moja. Mfanyabiashara mdogo ana hiari. Anaweza kusema: mwaka huu nitozeni kwa faida. Akifanya hivyo anaandaa hesabu, anawasilisha ritani, na anakata matumizi yake halali: mshahara wa msaidizi, pango, chakula cha watoto, na mafuta ya gari kwa safari za kituo. Mauzo yake yakiwa hayazidi Sh100 milioni, halazimiki kupeleka hesabu zilizokaguliwa. Sharti hilo zamani lilianzia Sh20 milioni na likapandishwa mwaka 2019.

Turudi kwa mlezi wetu wa Kerege mwenye mauzo ya Sh12.6 milioni. Anamlipa msaidizi Sh200,000 kwa mwezi, ambayo ni Sh2.4 milioni kwa mwaka. Uji, chakula cha mchana na sabuni ni Sh2.4 milioni. Pango ni Sh1.2 milioni. Gari, ile Sh2.4 milioni. Jumla ya matumizi ni Sh8.4 milioni na faida ni Sh4.2 milioni.

Kwa mtu binafsi, Sh3.24 milioni za kwanza kwa mwaka hazitozwi kodi. Kinachofuata hadi Sh6.24 milioni kinatozwa asilimia 8. Kwa hiyo anatozwa asilimia 8 ya Sh960,000. Kodi ni Sh76,800.

> Mlezi yuleyule, watoto walewale, gari lilelile: kwa makadirio anadaiwa Sh441,000, kwa faida anadaiwa Sh76,800.

Tofauti ni Sh364,200. Kwa ada ya mfano wetu, hiyo ni malezi ya mtoto mmoja kwa miezi tisa.

Lakini mlango huu si wa kila mtu, na anayemshauri kila mlezi aukimbilie anawapotosha. Mlezi anayelea kwenye nyumba yake mwenyewe, hana pango, hana msaidizi wa kulipwa wala gari, na kati ya Sh12.6 milioni hizohizo anatumia Sh3 milioni tu, ana faida ya Sh9.6 milioni. Akichagua kutozwa kwa faida kodi yake itakuwa Sh936,000. Huyo abaki kwenye makadirio na ashukuru.

Kinachoamua mara nyingi ni gari pamoja na mishahara. Kadiri huduma inavyokuwa bora, watoto wakifuatwa salama na wasaidizi wakalipwa vizuri, ndivyo makadirio yanavyomuumiza mlezi. Anayeweka watoto 20 na dada mmoja asiyelipwa, bila gari wala chakula cha maana, ndiye anayenufaika. Sidhani kama kuna mtunga sheria aliyekusudia hivyo.

Wapo pia ambao hawana hiari kabisa. Mwalimu mstaafu aliyefungua kituo na ana vyumba vya kupangisha, au mwajiriwa anayelea jioni na likizo, mapato yake si ya biashara peke yake, hivyo makadirio hayamhusu. Utaratibu huo pia unawaacha nje watoa huduma za kitaalamu na za mafunzo. Kituo kinachotangaza kufundisha watoto kusoma, kuhesabu na Kiingereza kijiandae kuulizwa kama kinalea au kinafundisha. Ushauri wangu ni kuuliza mapema na kupata jibu kwa maandishi.

Njano au nyeupe

Kabla mlezi hajadai shilingi ya mafuta, kuna kitu kinachotakiwa kutazamwa nyuma na mbele ya gari. Kibao cha namba cha njano ni cha gari binafsi. Cheupe ni cha biashara.

Magari mengi yanayofuata watoto wa vituo vya mitaani yana kibao cha njano. Mwenyewe atasema ni gari lake, halisombi abiria barabarani, linachukua watoto wa kituo chake tu. Hoja inaeleweka. Lakini nauli ikishakuwa na safu yake daftarini, hoja inapungua nguvu. Ofisa wa kodi atauliza vipi gari binafsi lina gharama za biashara. Trafiki atauliza leseni ya Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA). Na siku ya ajali, Mungu aepushe, kampuni ya bima iliyokata bima ya gari binafsi itauliza watoto saba waliokuwa ndani walikuwa nani na walilipa nini.

Swali la mwisho ndilo zito kuliko yote. Julai 2022 nchi ililia na Mtwara baada ya gari la wanafunzi kutumbukia shimoni kule Mikindani. Tangu hapo mzazi mwenye akili anaangalia gari kabla ya kuangalia ada.

Kusajili gari kibiashara nako kuna lake. Magari ya kubeba abiria yana jedwali lake la kodi ya mwaka kwa kadiri ya ukubwa wa gari, na leseni na ukaguzi vinafuata. Kwa gari moja linalobeba watoto 10 mara mbili kwa siku, inawezekana gharama zikamshinda.

Ndiyo maana baadhi ya vituo vimechagua njia nyingine: mzazi alipane na mwenye bajaji au Noah moja kwa moja. Pesa hiyo haipiti kwa mlezi, haiingii kwenye mauzo yake, na mwenye chombo analipa kodi yake mwenyewe. Katika mfano wetu, mlezi anarudi kwenye Sh168,000. Kwa upande wa kodi ni njia safi. Kwa upande wa mtoto, inategemea dereva ni nani, na mlezi anayesema “hilo si langu” mtoto anapochelewa kufika amejitoa kwenye wajibu ambao mzazi alidhani ameulipia.

Daftari la safari

Kwa anayeamua kutozwa kwa faida, silaha yake ni daftari la pili. Linakaa garini, si nyumbani. Safu zake ni tarehe, kilomita mita inavyosoma asubuhi, kilomita jioni, gari lilikwenda wapi na kwa kazi gani. Siku ya kwenda kuwafuata watoto Zinga na Mlingotini inaandikwa hivyo. Siku ya kwenda msibani inaandikwa hivyo pia, tena bila aibu, maana daftari lisilo na safari hata moja ya nyumbani halimdanganyi mtu.

Mwisho wa mwezi ajumlishe. Gari likiwa limetembea kilomita 1,000 na 800 kati ya hizo zilikuwa za watoto, robo tatu na ushei ya mafuta ndiyo ya biashara. Katika mfano wetu, gari zima lilikula Sh3 milioni kwa mwaka. Asilimia 80 ndiyo ile Sh2.4 milioni.

Risiti ni lazima. Vituo vya mafuta vilifungiwa mashine za kutoa risiti kwenye pampu tangu mwaka 2017, kwa hiyo kisingizio cha kukosa risiti ya petroli hakipo. Risiti za EFD hufifia zikikaa juani, na dashibodi ya gari ndiko zinakofia. Zipigwe picha au ziwekwe kwenye bahasha ya mwezi. Fundi wa chini ya mwembe hana risiti, na hilo ni pigo la kweli kwa mlezi, kwa kuwa pesa nyingi ya gari kuukuu huishia kwa fundi huyo.

Bei ya gari lenyewe haikatwi mara moja. Magari madogo yako katika kundi la kwanza la mali zinazochakaa, asilimia 37.5 kwa mwaka ya thamani iliyobaki, na kwa gari lisilo la biashara sheria inahesabu thamani isiyozidi Sh30 milioni. Lakini mali hiyo inatakiwa iwe inatumika kwa biashara tu. Mwenye gari la matumizi mawili asitegemee kipengele hiki bila kuzungumza na ofisa. Adai mafuta na matengenezo ambayo daftari linamtetea.

Kumbukumbu zote zitunzwe miaka mitano, na zinaweza kuandikwa kwa Kiswahili. Akikadiriwa kiasi asichokubaliana nacho, ana siku 30 za kuweka pingamizi kwa maandishi. Zikipita, deni limesimama.

> Daftari lisilo na safari hata moja ya nyumbani halimdanganyi mtu.

Vituo vinavyotafutwa na Serikali yenyewe

Desemba 2021 Serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, ya miaka mitano kuanzia 2021/22. Moja ya mambo iliyohimiza ni kupatikana kwa vituo salama vya kulelea watoto mchana. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka vituo hivyo visajiliwe, na maofisa ustawi wa jamii wa halmashauri hupita mitaani kuwahimiza walezi wajitokeze.

Mlezi akijitokeza anasajiliwa. Akisajiliwa anatakiwa kuwa na TIN, na akiwa na TIN anakadiriwa. Hakuna ubaya katika hilo; barabara ya lami anayopita na zahanati anayomkimbizia mtoto aliyepandwa na homa vimejengwa kwa kodi. Ubaya ni kwamba ofisa ustawi anamhimiza aongeze huduma, na jedwali la kodi linamwadhibu kwa kuiongeza. Wizara mbili za Serikali moja zinazungumza na mwanamke mmoja, na kila moja inamwambia lake.

Akishindwa, anauza gari. Hafungi kituo. Watoto wanaendelea kuja, ila sasa wanarudi kwenye bodaboda.

Nadhani marekebisho hayahitaji mapinduzi. Bunge linaweza kuufanya ule mstari wa milioni 11 uwe ngazi badala ya ukuta, kwa kutoza asilimia 3.5 kwenye kile kilichozidi tu. Linaweza pia kuweka kiwango kimoja cha gharama kwa kilomita, ili mwenye daftari la safari apunguziwe bila kugombana na mtu juu ya kila lita. Hayo ni ya bajeti ijayo.

La wilayani halihitaji Bunge. Ofisi za TRA zinazowahudumia walezi wa Bagamoyo, Kinondoni na Kibaha zibandike ukutani, kwa Kiswahili, kwamba mfanyabiashara mdogo ana hiari ya kutozwa kwa faida, pamoja na mfano wa barua ya kuomba hivyo. Maofisa ustawi wa jamii wapewe nakala wamkabidhi mlezi siku anaposajili kituo.

Na wewe mlezi unayesoma haya, usingoje karatasi ya ukutani. Awamu za kulipa kodi ya makadirio ni nne: 31 Machi, 30 Juni, 30 Septemba na 31 Desemba. Piga hesabu zako zote mbili, ya mauzo na ya faida, kabla ya ile ya kwanza. Ukiona ya faida inakufaa, peleka barua yako kabla ya 31 Machi na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri.